Kanda za kizingiti: tailizi, lamineti, zulia na sakafu nyekundu zinapokutana mlangoni (nyumba ipo Ipuli, Tabora)

Msimamizi_Ipuli
Wangaluka wakuu. Naomba msaada wa kuchagua kanda za kuunganishia sakafu, zile ambazo dukani wengi huziita trimu. Korido yote ni sakafu nyekundu ya zamani, bado nzima, na haivunjwi. Nimeichukua kama sifuri na kupima sakafu nyingine kutoka hapo:

Sebule: tailizi 60 kwa 60, zimeshabandikwa, juu ya korido kwa mm 13. Upenyo kati ya sebule na korido ni mita 1.5, hauna mlango.
Sehemu ya kulia: lamineti (vibao vya unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 8 juu ya povu la mm 2, lile tandiko laini la chini yake, bado haijanunuliwa. Inapakana na sebule kwa upenyo wa mita 2.4.
Chumba kikubwa: lamineti hiyohiyo. Mlango, ndani ya fremu, ni sm 82.
Chumba cha watoto: zulia la manyoya, kama mm 8. Mlango sm 82.
Jiko: tailizi ndogo zitalazwa juu ya mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga), fundi anasema litapanda mm 30.
Bafu: litakuwa chini ya korido kwa mm 20. Mlango sm 72.
Mlango wa mbele unatoka sebuleni kwenda barazani na unatazama magharibi.

Fundi anashauri ukanda wa aina moja, ule bapa wa alminiamu wenye gundi chini, upigwe kila mahali. Ni sahihi?

VigaeNaZege
Si sahihi, na kosa lenyewe limeanza kabla ya kufika dukani. Ukanda bapa unafunika ufa kati ya sakafu mbili zilizo usawa mmoja, hauondoi tofauti ya kimo. Ukiulaza juu ya tofauti ya mm 13 utaegemea ncha moja tu, nyingine itabaki hewani, na mguu wa kwanza mzito utaukunja katikati. Gundi itaachia ndani ya wiki chache kwa sababu imeshika upande mmoja.

Hatua ya kwanza ni kimo, na umeifanya vizuri. Rudia kupima ukiwa na rula ndefu ya alminiamu na pima maji: laza rula kwenye sakafu ya juu ipite mlangoni, kisha pima nafasi chini yake katika sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia. Sakafu nyingi za zamani zina bonde katikati ya mlango kwa sababu ndipo miguu inapopita. Ukikuta 13 kushoto na 16 katikati, ukanda unachaguliwa kwa 16.

Hatua ya pili, funga mlango na uweke alama ya penseli sakafuni pande zote mbili za ubao wake. Ubao wa mlango una unene wa kama mm 40. Katikati ya alama hizo ndipo ukanda unapokaa. Mlango ukifungwa, aliye chumbani aone sakafu ya chumbani tu, na aliye koridoni aone ya koridoni tu. Mafundi wengi hupanga maungio kwa kufuata ukingo wa ukuta, halafu kipande cha lamineti kinajitokeza koridoni kama ulimi. Hilo halirekebishiki bila kung'oa.

Kipimo kingine kinachosahaulika ni nafasi iliyo chini ya mlango. Kimo cha sakafu mpya, ongeza unene wa ukanda, ongeza mm 5 za mlango kupita. Chumba chako kikubwa: 10 za lamineti, kama 5 za mgongo wa ukanda, 5 za nafasi, jumla 20. Kama mlango umeshatundikwa na chini yake kuna mm 10, utakwaruza. Utolewe kwenye bawaba, ukatwe chini, na mkato upakwe vanishi au rangi ili mbao isinywe maji ya kudeki.

Mama_Kiloleni
Fundi VigaeNaZege, shikamoo. Na hizo trimu nazo ni nyingi mno dukani. Mtu asiyejua atofautishe vipi? Zote zinang'aa.

VigaeNaZege
Marahaba mama. Usiangalie uso, ugeuze uangalie kwa mbele, pale ulipokatwa. Umbo ndilo linalosema kazi.

Wenye umbo la T: sakafu mbili za usawa mmoja, tofauti isizidi mm 2 au 3. Mguu wa T unaingia kwenye ufa.

Wenye mteremko, upande mmoja mnene na mwingine umechongoka: sakafu ya juu kushuka kwenye ya chini. Huo ndio wa kuuliza pale unapotaka "wa kushusha".

Wenye umbo la L, mguu mrefu una matundu: huu unazikwa chini ya tailizi wakati wa kubandika, gundi inapita kwenye matundu na kuushika. Hauwezi kuwekwa baada ya tailizi kukauka. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu ndio unaopendeza kuliko wote na ndio unaokumbukwa mwisho.

Wenye umbo la Z au wenye meno: wa zulia. Ukingo wa zulia unaingia ndani na kubanwa.

Bapa wa kawaida: plastiki la sakafuni, au kufunika ufa mdogo.

Halafu ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Alminiamu nyembamba inabonyea dukani, je ikikanyagwa kila siku? Tafuta wenye unene wa mm 1 au zaidi.

Mwanga_Kgm
Natoa mchango wa lamineti kutoka huku Kigoma, maana unyevu wa ziwani unatufunza adabu.

Lamineti haigundishwi chini wala haipigwi msumari. Inakaa huru na inatembea yote kwa pamoja. Ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa: unyevu ukipanda inatanuka, ukishuka inasinyaa. Kadiria mm 1 mpaka 2 kwa kila mita ya upana. Kwa hiyo pembeni mwa kuta na kila mlangoni inaachiwa nafasi ya mm 8 mpaka 10. Ukanda wa kizingiti upo ili kufunika nafasi hiyo bila kuiziba. Skrubu inaingia kwenye zege, haiingii kwenye lamineti hata kidogo. Ukiipigilia mlangoni, mvua zikianza itasukuma kutoka huko ilikobanwa na kuinuka katikati ya chumba, na watu watalaumu ubora wa mbao.

Kwa Tabora angalia msimu. Ukilaza Septemba au Oktoba, hewa ikiwa kavu kabisa, lamineti imesinyaa hadi mwisho. Kuanzia Novemba itatanuka, kwa hiyo acha mm 10 kamili. Ukilaza Machi, imeshavimba, na kiangazi itarudi nyuma. Hapo hatari ni ufa kuonekana pembeni mwa ukanda, kwa hiyo ukanda uifunike kwa mm 8 au zaidi. Maboksi yalale chumbani humo kwa saa 48 kabla ya kufunguliwa, yakiwa bapa, si kusimamishwa ukutani.

Hesabu ya T ya kwenye upenyo wa mita 2.4: mguu wa T una mm 8. Upande wa tailizi acha mm 2, tailizi haitembei. Upande wa lamineti acha mm 8. Ufa wote ni mm 18. Ukanda wenye uso wa mm 40 unatoka mm 16 kila upande wa mguu, kwa hiyo unafunika lamineti kwa mm 8 na tailizi kwa mm 14. Ukinunua wa uso mwembamba, mm 25 au 30, hesabu hiyo haifungi.

Ila una tatizo dogo: tailizi 13, lamineti 10. T itainama kidogo na ukingo wake utaonekana upande mmoja. Kwa kuwa hujanunua, chukua lamineti ya mm 10, ukiongeza povu la mm 2 unapata 12. Tofauti ya mm 1 T inaimeza. Usijaribu kupandisha kwa kuweka povu mara mbili. Lamineti itakuwa inabonyea kila hatua na ndimi za maungio zitavunjika.

Msimamizi_Ipuli
Hilo la kununua ya mm 10 sikuliwaza kabisa. Asante sana. Basi chumba kikubwa nacho kitakuwa 12, siyo 10.

Mama_Kiloleni
Na kudeki je? Huku kwetu hatufuti kwa kitambaa chenye unyevu tu, maji yanamwagwa na ndoo. Korido ikidekiwa, maji yanasimama wapi?

Mwanga_Kgm
Yanasimama kwenye ukanda, dada, na yanatafuta njia ya kuingia chini. Swali lako ndilo linalofanya nisiamini ukanda wa gundi peke yake mahali palipo na lamineti. Ukingo wa lamineti uliokatwa mlangoni hauna ulinzi wowote, unga wa mbao uko wazi. Ukinywa maji mara moja unavimba na haurudi.

Fanya hivi. Kabla ya ukanda, ingiza kamba ya sponji kwenye nafasi, isukume ishuke, halafu juu yake jaza silikoni mpaka ilingane na uso. Silikoni inanyumbuka, kwa hiyo lamineti bado inatembea. Baada ya hapo pitisha mstari mwembamba wa silikoni chini ya ule upande wa ukanda unaotazama korido, ndipo ufunge skrubu. Upande wa lamineti usiweke, uache uteleze.

Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Ile inayonuka siki ni ya vioo. Asidi yake inaacha doa kwenye mawe kama marumaru halisi na inaanzisha kutu kwenye baadhi ya metali.

Na kwenye chumba chenye lamineti kitambaa kikamuliwe. Hakuna ukanda unaoshinda ndoo.

Seremala_Urambo
Mmezungumza alminiamu tu, na tupo Tabora, penye mninga. Kwa ule upenyo wa mita 1.5 kati ya sebule na korido, tailizi zimeshabandikwa bila trimu ya L, kwa hiyo ncha ya tailizi iko wazi kwa mm 13. Hapo mbao ndiyo jibu.

Chukua ubao wa mninga, upana mm 80, urefu sm 150, na uurandie kimo cha mm 12 upande wa tailizi. Nasema 12 kwa makusudi: mbao iwe chini ya uso wa tailizi kwa mm 1, isiwe juu. Ikiwa juu inapigwa na vidole, ikiwa chini hakuna anayeihisi. Kutoka hapo randa mshazari ushuke mpaka mm 3 upande wa korido. Usichonge mpaka sifuri. Ncha nyembamba kama karatasi inapasuka ndani ya mwezi. Zile mm 3 zitolee pembe kwa msasa.

Mteremko huo unashuka mm 9 ndani ya mm 80, karibu moja kwa tisa. Mtoto, mzee, hata kiti cha magurudumu kinapita. Ukanda wa alminiamu wa kushusha mm 13 una upana wa mm 40 au chini ya hapo, ni mkali karibu mara tatu.

Kwa nini mninga: kiini chake hakichezi sana kati ya masika na kiangazi, na mchwa hawakipendi. Lakini nasema kiini. Ile sehemu ya nje nyeupe, inayopakana na gome, inaliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote. Ukinunua angalia ubao wote uwe wa kahawia, kona zote nne. Na uwe mkavu. Ubao mbichi ukirandwa leo kwa gonia, Oktoba utakuwa umejikunja kama mtumbwi.

Upande wa chini na ncha mbili zilizokatwa zipakwe dawa ya mchwa kisha vanishi kabla ya kufungwa. Watu hupaka juu tu, palipo na macho. Mchwa wanaingia kupitia ufa kati ya sakafu na ukuta, chini kabisa ya fremu, na ncha ya ubao ndiyo mlango wao.

Kufunga: toboa mm 4 kwenye mbao, panua juu kwa drili ya mm 10 kushuka mm 5, skrubu ikae humo, kisha ziba kwa kigingi cha mninga huohuo, nyuzi zielekee upande mmoja na za ubao. Pale ubao unapokuwa mwembamba usiweke skrubu. Ziweke zote kwenye nusu nene, na nusu nyembamba ishikwe na gundi ya kunyumbuka.

Bati_na_Skrubu
Nakubaliana na Seremala kwa upenyo huo. Kwa milango ya sm 82 alminiamu inatosha. Nitaeleza kutoboa, maana hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Sakafu nyekundu yenu si kitu kimoja. Juu kuna niru yenye rangi, yaani saruji laini ya kumalizia uso, milimita chache tu, chini yake saruji na mchanga, chini zaidi zege. Ukitoboa kifupi, plagi ya plastiki inakaa kwenye tabaka la mchanga na saruji, na kwenye nyumba za zamani tabaka hilo mara nyingi ni laini. Skrubu inazunguka bila kukaza. Toboa kwa biti ya mm 6, kina mm 45, plagi ya mm 6, skrubu ya mm 4 kwa 40. Anza bila kugonga, mpaka upite niru, ndipo uiwashie drili hali ya kugonga. Ukigonga tangu mwanzo niru inabanduka kipande cha ukubwa wa sarafu na rangi yake huipati tena.

Puliza vumbi kabla ya plagi. Tundu lenye vumbi halishiki plagi, linashika unga. Likiwa limeshapanuka, weka gundi ya epoksi kisha plagi, ngoja ikauke.

Skrubu ngapi? Ya kwanza na ya mwisho sm 4 kutoka ncha. Kwa sm 82 zinabaki sm 74, gawanya kwa nne: sm 18.5. Skrubu tano. Kwa mita 2.4, weka 13. Zaidi ya sm 20 kati ya skrubu, ukanda unaanza kulia ukikanyagwa.

Kabla ya yote, bomba. Mlango wa bafu na wa jiko ndiko mabomba ya maji yanakopita chini ya sakafu, mara nyingi katikati kabisa ya mlango kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuchimba. Kama hujui yalikopita, usitoboe hapo, tumia gundi.

Kukata: msumeno wa chuma wenye meno 24 au 32 kwa inchi, uso wa ukanda uwe juu, umefungwa utepe wa karatasi mahali pa mkato ili usichubuke. Malizia kwa tupa. Pima upana wa mlango mara mbili, mbele na nyuma ya mahali ukanda unapokaa, fremu nyingi haziko sambamba. Ncha zote mbili acha mm 1. Alminiamu ya sm 90 ikipata jua na joto likapanda nyuzi 30, inarefuka karibu mm 0.6. Ya plastiki inarefuka kama mm 2. Kwa mlango unaotazama magharibi, plastiki itajikunja ikiwa imebanwa kati ya fremu. Usiiweke hapo.

Skrubu zisiwe za shaba juu ya alminiamu, hasa karibu na bafu. Metali hizo mbili zikikutana na maji alminiamu inaliwa kuzunguka kila skrubu, unaona unga mweupe. Tumia za chuma kisichoshika kutu.

Na asidi! Mafundi wa tailizi wakimaliza huosha mabaki ya saruji kwa asidi. Ikigusa alminiamu inachemka na kuwa na mabaka ambayo hayatoki. Kanda zifungwe baada ya kuosha na kusuuza. Ile ya L iliyozikwa haina hiari, kwa hiyo ifungwe kwa utepe wa karatasi tangu siku ya kubandika, na saruji mbichi ikiiangukia ifutwe palepale. Saruji mbichi nayo inakula alminiamu, si asidi tu.

Mama_Kiloleni
Ukanda wa gundi basi haufai popote?

Bati_na_Skrubu
Unafaa, lakini si juu ya sakafu nyekundu ilivyo. Sakafu hizo zimepakwa nta miaka na miaka. Gundi inashika nta, na nta haijashika kitu. Futa kwa thina mara mbili, kitambaa kipya kila mara, kwaruza kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao upotee, futa vumbi, ndipo ubandike. Maji yakidondoshwa na kubaki kama shanga, nta bado ipo. Yakitandaa, endelea. Thina ni ya kutumia madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa.

VigaeNaZege
Mimi napingana kidogo na skrubu kila mahali. Ukanda wa vipande viwili, reli chini na kifuniko kinachobana juu, unaficha skrubu zote, na kwenye korido ya kudeki ni bora kwa sababu hakuna vichwa vya skrubu vya kukusanya mchanga. Reli inafungwa kwa skrubu hizohizo, kisha kifuniko kinagongwa kwa nyundo ya mpira juu ya kipande cha mbao, kuanzia ncha moja kwenda nyingine.

Bati_na_Skrubu
Sawa, ila kifuniko kikishatolewa mara mbili tatu hakibani tena. Kwa mlango wa zulia, ambalo litatolewa kufuliwa, bado nasema skrubu za wazi.

VigaeNaZege
Kwa mlango wa zulia nakubali.

Sasa jiko na bafu, maana hapo hakuna trimu ya kuokoa.

Jiko mm 30: hicho ni kimo kibaya kuliko vyote. Ngazi ya sm 15 mtu anaiona na kuinua mguu. Sentimita 3 haionekani, hasa aliyebeba sufuria ya maji ya moto. Kwa kuwa jiko bado halijalazwa, mzuie fundi. Sakafu isawazishwe kwanza kwa saruji na mchanga mahali penye mabonde tu, iachwe ikauke, kisha tailizi zibandikwe kwa gundi ya tailizi kwa mwiko wa meno. Tailizi mm 8, gundi mm 4, jumla 12. Hapo unaweza kuzika trimu ya mteremko mlangoni siku hiyohiyo. Uso wa trimu ulingane na tailizi au uwe chini kwa nusu milimita, usiwe juu, na acha mm 2 za grauti, saruji ya kuzibia nafasi za tailizi, kati yake na tailizi.

Kama haiwezekani kushusha, tumia unene wa ukuta. Tofali la inchi 6 na lipu pande mbili ni kama sm 18. Mteremko wa mm 30 ndani ya sm 18 ni moja kwa sita. Si mzuri sana, lakini hautokezi koridoni na hakuna wa kuuparamia gizani.

Bafu chini kwa mm 20 ni sahihi, ndivyo maji yasivyotoka. Hapo weka kipande cha granaiti au terazo upana wote wa ukuta, kilale juu ya saruji, kipande chote kimoja. Uso wake uwe juu ya korido kwa mm 5, ukingo wa korido uchongwe mshazari, na kielekee kidogo bafuni, mm 1 au 2 tu. Kabla ya kukilaza, dawa ya kuzuia maji ya sakafu ya bafu ipande mpaka chini yake na kwenye miguu ya fremu kwa sm 10. Bila hivyo maji yanapita chini ya jiwe, yananyonywa na lipu ya korido, na rangi inabanduka karibu na skatingi. Watu hudhani bomba limepasuka.

Fremu ya mbao isiguse sakafu ya bafu. Isimame juu ya hilo jiwe, na maungio yazibwe kwa silikoni.

Mwanga_Kgm
Zulia la watoto: ukanda wa Z au wenye meno, na mdomo wake ufuate unene wa zulia likiwa limebanwa, si likiwa limesimama. Manyoya ya mm 8 yakibanwa yanabaki kama 4 au 5. Mdomo mpana mno, zulia linachomoka. Kata zulia lizidi mstari kwa mm 10, lisukume ndani kwa patasi butu, ndipo ugonge mdomo ushuke kwa nyundo na kipande cha mbao. Ukingo upakwe gundi nyembamba kabla, nyuzi zisifumuke.

Wenye kulaza plastiki la sakafuni badala ya zulia, lile la kukatwa kwa mita: ni la mm 1 au 2 tu. Hapo ndipo ukanda bapa wa gundi wa fundi wako una kazi yake halali.

Msimamizi_Ipuli
Nimeandika orodha, naomba mniangalizie kabla sijaagiza. Kanda dukani zina urefu wa mita 2.7.

Sebule na kulia: T ya uso mm 40, ya reli na kifuniko, moja nzima, inakatwa mita 2.4.
Sebule na korido: mninga sm 150, upana mm 80.
Chumba kikubwa: ukanda wa kushusha mm 12, sm 82.
Watoto: Z ya zulia, sm 82.
Jiko: gundi badala ya mota, trimu ya mteremko ya kuzika, mm 12, sm 82.
Bafu: granaiti sm 72 kwa upana wa ukuta.
Mlango wa mbele: bado.

Bati_na_Skrubu
Orodha ni nzuri. Ila ukanda wa chumba kikubwa na trimu ya jiko usivichanganye kwa kuwa vyote ni mm 12. Wa chumba unafungwa juu ya lamineti baada ya kazi, wa jiko unazikwa chini ya tailizi. Mwenye duka akikuuzia mmoja ukate vipande viwili kwa kubana matumizi, mmoja hautafaa.

Na usafiri. Ukanda wa mita 2.7 ukifungwa kwenye bodaboda unafika umepinda, na alminiamu iliyopinda hainyooki sawasawa tena. Ufunge pamoja na ubao ulionyooka wenye urefu huohuo, kamba sehemu nne. Au zile za sm 82 zikatwe palepale dukani, kila moja sm 84, utamalizia nyumbani kwa tupa.

Seremala_Urambo
Na granaiti isiwe sm 72. Hiyo 72 ni ndani ya fremu. VigaeNaZege amesema fremu isimame juu ya jiwe, kwa hiyo ongeza unene wa miguu yote miwili ya fremu. Pima nje kwa nje.

Mlango wa mbele: baraza liwe chini ya sebule, sm 2 mpaka 5, na zege la kizingiti literemke kuelekea nje. Ukanda wa alminiamu wenye mpira katikati unafungwa chini ya ubao wa mlango ulipofungwa, mpira ubanwe kwa mm 2 tu. Ukibanwa zaidi mlango hautafunga na mpira utachanika. Unazuia vumbi la kiangazi, mvua ya upepo, na nge. Baraza lenyewe ni la sakafu gani?

Msimamizi_Ipuli
Terazo, iko chini kwa sm 3. Na granaiti nimepima upya nje kwa nje, ni sm 82.

Seremala_Urambo
Sentimita 3 inatosha. Terazo ni ngumu, toboa kwa biti mpya, polepole, bila kugonga kwa sentimita ya kwanza, na skrubu za nje zote zizungushiwe silikoni kabla ya kukazwa.